Kuku wenye Kishungi wa Uholanzi

Msafiri atokaye Amsterdam kwenda upande wa mashariki hupanda gari la moshi mpaka mji wa Amersfoort. Hapo hushuka na kuingia katika gari jingine dogo, liendalo Barneveld na Ede. Njia hiyo ilifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na wenyeji wakaipa jina la utani ambalo halijasahauliwa hata leo: Njia ya Kuku. Wala hawakuipa jina hilo kwa dharau. Bonde lile, liitwalo Gelderse Vallei, lina ardhi ya mchanga isiyo na rutuba nyingi. Kwa hiyo wakulima wake waligeukia kuku, na mayai yakawa mali yao kama vile mawese yalivyo mali ya wengine kwetu Kongo.

Barneveld wenyewe ni mji mdogo, nadhifu, wenye mitaa ya matofali. Katikati husimama kanisa la kale lenye mnara mnene. Mwaka 1482, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kapteni mmoja jina lake Jan van Schaffelaar alijitupa kutoka juu ya mnara huo ili kuwaokoa wenzake waliozingirwa, na sanamu yake imesimama hapo karibu. Tuliitazama kwa heshima, tukapita. Hatukuja kwa ajili ya shujaa; tulikuja kwa ajili ya kuku.

Katika mji huo kuna nyumba ya makumbusho ya ufugaji wa kuku. Huko mgeni huonyeshwa mashine za kuangulia za zamani, vizimba, mizani za mayai, na saa kubwa ya mnada. Mnada wenyewe ulitushangaza kidogo. Kwetu mnadi huanza chini, na watu hupandisha bei. Waholanzi huanza juu, mshale wa saa hushuka, na mtu wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anunuaye. Mwenye tamaa ya kungoja bei ishuke zaidi hukuta mayai yamekwisha kwenda na mwingine. Walimu wa hesabu wangeweza kulitumia jambo hili darasani kwa faida. Lakini utamu wa mahali pale upo nje, uani, ambako kuku wa makabila ya kale ya Uholanzi huishi wakiwa hai, kila kabila na banda lake.

Hapo ndipo tulipomwona yule ambaye Waholanzi humwita Hollandse Kuifhoen, yaani kuku wa Kiholanzi mwenye kishungi. Wasomaji wetu na wajaribu kumwona kwa macho ya akili. Mwili wake ni mweusi kama masizi ya chungu, lakini jua likimpiga, weusi ule hung'aa rangi ya kijani. Miguu yake ni ya kijivu cha risasi. Juu ya kichwa hicho cheusi umekaa mpira wa manyoya meupe, mkubwa kuliko kichwa chenyewe, kama pamba iliyopasuka shambani tayari kuvunwa. Undu, ile nyama nyekundu ambayo jogoo wetu hujivunia, karibu haupo kabisa. Mtoto wa kwetu akimwona angeuliza mara moja ni nani aliyemvika kuku kofia.

Jike na jogoo hawafanani katika kishungi. Cha jike ni cha mviringo, kimejaa, kama kifundo cha uzi. Cha jogoo hutawanyika na kuangukia shingoni, kwa sababu manyoya yake ni marefu na membamba, sawa na yale ya shingo yake. Kwa alama hiyo mfugaji huweza kuwatenga majogoo na mitetea wanapoanza kukua. Tena, mbele ya kishungi cheupe, juu ya mdomo, hubaki siku zote vinyoya vichache vyeusi. Wapenda mashindano huvipunguza kwa mkasi kabla ya siku ya maonyesho, na hakuna awaonaye kuwa wadanganyifu, maana wote hufanya vivyo hivyo.

Wapo na ndugu zake. Yuko mwenye ndevu pamoja na kishungi. Yuko wa Brabant, ambaye kishungi chake husimama wima kama manyoya ya kofia ya askari. Huko Ufaransa, magharibi ya Paris, yuko kuku wa Houdan, mwenye vidole vitano badala ya vinne. Na Italia, katika Padova, mji ambao Wakristo wetu huujua kwa jina la Mtakatifu Antoni, yuko kuku wa Kipadova, mwenye kishungi na ndevu, asiye na undu wala nyama za kuning'inia chini ya mdomo. Waingereza huwaita kuku hawa wa Uholanzi kwa jina la Poland. Watu wamebishana sana juu ya jina hilo: wengine husema kishungi kilifanana na kofia za askari wa Poland, wengine husema limetokana na neno la kale la Kiholanzi, *pol*, lenye maana ya kichwa. Kuku hawajali.

Kwamba ni wa kale, hilo halina shaka. Mtu aendaye Amsterdam na aingie Rijksmuseum, atafute picha za Melchior d'Hondecoeter, aliyeishi toka 1636 mpaka 1695. Baba yake alikuwa mchoraji, na babu yake pia. Yeye alichagua ndege. Picha yake ijulikanayo sana ni ile ya unyoya uelewao juu ya maji, ambamo mwari amesimama kando ya bwawa katikati ya ndege wa nchi nyingi. Ndiyo miaka ambayo merikebu za Waholanzi zilizunguka dunia yote na kurudi na pilipili, vyombo vya China na ndege wa ajabu, na matajiri walifuga ndege hao katika bustani zao ili wageni waone. Katika picha nyingine za mchoraji huyo yumo kuku mweusi mwenye kishungi cheupe, amesimama kwa kiburi kati ya bata na tausi, sawasawa kabisa na yule tuliyemwona uani Barneveld. Miaka zaidi ya mia tatu imepita, wala mshonaji wa kofia ile hakubadili mshono.

Na kabla ya hapo? Huko Uley, katika Uingereza, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta katika magofu ya hekalu la wakati wa Warumi fuvu la kuku lenye alama ya kishungi. Msomaji atauliza, fuvu laonyeshaje kishungi, ikiwa manyoya yameoza zamani? Hapa twafika penye siri ya kuku huyu.

Kishungi si manyoya tu. Chini ya manyoya, mfupa wa utosi umevimba kama kifundo, na mara nyingi mfupa huo una matundu, haukufunga vizuri. Na ubongo wenyewe umepanda juu ndani ya uvimbe ule. Charles Darwin aliyachunguza mafuvu ya namna hii na kuyaeleza katika kitabu chake juu ya wanyama na mimea ifugwayo, kilichotolewa mwaka 1868. Siku hizi wataalamu wa urithi wameonyesha kwamba mabadiliko hayo yanahusiana na sehemu ya chembe za urithi ambayo kazi yake ni kuuambia mwili wapi pa kuota nini. Hapa ni kana kwamba ngozi ya kichwa imepokea amri iliyokusudiwa sehemu nyingine ya mwili. Kuku wa ukoo safi wa kishungi akipandwa na jogoo asiye nacho, vifaranga wao huota kishungi cha kadiri, si kikubwa wala si bure.

Kwa hiyo kifaranga wa kabila hili hutambulikana siku ile ile ya kuanguliwa. Hana haja ya kungoja manyoya: utosini ana kifundo kidogo kilichofunikwa na malaika meupe, kama bibi aliyejifunga leso. Kifundo hicho ni laini. Mdomo wa kuku mwingine ukimdonoa hapo kwa nguvu, aweza kufa. Ndiyo sababu wafugaji wenye busara hawawachanganyi vifaranga hawa na wa makabila makali.

Haya tuliyaona kwa karibu zaidi katika nyumba ya mzee mmoja, fundi wa saa aliyestaafu, akaaye katika kijiji kimoja cha bonde lile. Alitusemesha kwa Kifaransa chake cha shule. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ua usiozidi ukubwa wa darasa moja, na ndani yake banda safi lililoezekwa vizuri na kuzungukwa na wavu. Tulipokaribia mlango alituzuia kwa mkono.

"Mwalimu, ngoja kwanza," akasema. "Usiingie kimya. Sema nao."

Akaanza kuwasemesha kuku kwa Kiholanzi, polepole, kama mtu asalimuye wagonjwa. Na alipokwisha ndipo tukaingia. Sababu yake ni hii: manyoya ya kishungi huwafunika macho. Kuku huyu huona mbele na chini, lakini juu na nyuma ni giza. Mtu akimtokea ghafula huruka ovyo na kujigonga ukutani. Huogopa si kwa sababu ni mjinga, kama wengine wasemavyo, bali kwa sababu kila kitu humfikia kwa kushtukiza. Akizoea sauti ya mtu, huwa mpole kupita kuku wengi. Yule mzee alimchukua jike mmoja mkononi, naye akatulia kama paka.

Kisha mzee akatueleza kazi yake, na kazi hiyo si ndogo. Maji huwekwa katika chombo chenye mdomo mwembamba, ili kuku anywe bila kulowesha kishungi. Kwa maana kishungi kilicholowa huchafuka, na wakati wa baridi kali huweza kuganda barafu kichwani. Chawa na utitiri hupenda kujificha humo, kwa hiyo kila juma huna budi kupekua manyoya kwa vidole, kama mama apekuavyo kichwa cha mtoto. Vijiti vya kulalia huwekwa chini, si juu. Wakati wa kunyonyoka, manyoya mapya hutoka na damu ndani yake, na kuku wenzake wakiiona damu hiyo hudonoa. Basi mwenye vidonda hutengwa. Yule ambaye kishungi chake kimezidi kumziba macho hufungwa manyoya kwa utepe laini, juu ya kichwa, mpaka awe kama msichana aendaye shule. Twakiri kwamba hapo tulicheka, na mzee akacheka pamoja nasi.

Juu ya yote huja wavu. Mwewe wa Uholanzi hana tofauti na wetu katika tabia, na kuku asiyeona juu ni chakula kilichoandaliwa. Kuku wa kijijini kwetu akiona kivuli hulia na kukimbilia chini ya ghala. Huyu huendelea kuchakura mpaka makucha yanapomfikia.

"Mzee," tukamwuliza, "kuku hawa mwawala?"

"Mayai, ndiyo," akajibu. "Wenyewe, la."

Mayai yao ni meupe, nao hutaga vizuri, lakini ni wachache sana wanaokubali kuatamia. Uzito wa kuku ni kilo mbili hivi, pungufu kidogo kwa jike. Tulianza kupiga hesabu kimoyomoyo, kama mwalimu mwenye watoto nyumbani asivyoweza kujizuia: nafaka, dawa, wavu, mbao, na saa za mtu kila siku. Kwa hesabu ya duka ni hasara tupu. Kwetu kuku ni akiba. Ndiye achinjwaye mgeni anapofika, na firigisi humwendea baba mwenye heshima. Ndiye auzwaye daftari zinapokwisha na karo inapodaiwa. Kumfuga kuku ili kumtazama tu ni neno ambalo wazee wetu wangelisikiliza kwa adabu, halafu wangeulizana njiani kama mwenye nyumba ni mzima. Hata hivyo tumewaona wanaume wengi, kwetu na kwao, wakipoteza fedha nyingi zaidi katika chupa, na jioni hawana hata yai moja la kuonyesha.

Mzee hakujitetea. Alisema tu kwamba kuku wa kwanza walikuwa wa mke wake, na kwamba ukoo wao ulikatika mara moja, mwaka 2003.

Mwaka huo haujasahauliwa katika bonde lile. Mwishoni mwa mwezi wa Februari mafua ya ndege, ya aina iitwayo H7N7, yalizuka katika mabanda makubwa ya Gelderse Vallei. Mabanda yalikuwa karibu karibu, yenye kuku maelfu kwa maelfu, na ugonjwa ukaenda kama moto katika nyasi kavu. Ulifika hata mkoa wa Limburg, na kuvuka mpaka kuingia Ubelgiji. Ili kuuzima, ndege wapata milioni 30 waliangamizwa katika Uholanzi. Watu nao waliambukizwa: 89 walithibitika kuwa na virusi hivyo, wengi wao wakiumwa macho tu, lakini daktari mmoja wa mifugo alifariki mwezi wa Aprili. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba hatari ilikuwa ya kubuni.

Lakini amri haikuhusu mabanda ya biashara peke yake. Katika maeneo yaliyofungwa, kuku wa uani nao walihesabiwa: kuku watano wa bibi kizee, bata wa watoto. Wengi wao hawakuwa na ugonjwa. Walikuja watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, wakaingia ua kwa ua. Mzee alitueleza kwamba mke wake aliwatoa kuku wake mwenyewe, mmoja mmoja, huku akiwasemesha kama kawaida, ili wasiogope mikono ya wageni. Walikuwa kumi na mmoja. Baadaye alifagia banda, akalifunga, na ufunguo ukatundikwa jikoni.

Sisi hatuwezi kuwahukumu walioamuru. Msomaji aliyepata kuona kideri kikipita kijijini ajua jinsi ua uliojaa asubuhi uwezavyo kuwa mtupu kabla ya Jumapili. Tena mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina nyingine yalifika hata kwetu, Ituri, kando ya Ziwa Albert. Anayeuzima moto hukata pia miti mibichi. Ila ni haki kusema kwamba mti uliokatwa ulikuwa mbichi. Na kwa makabila ya kale hasara ilikuwa ya namna nyingine: kuku wa kawaida wa mayai huagizwa tena kiwandani kwa malaki, lakini ukoo wa kishungi uliotunzwa na mtu mmoja miaka thelathini hauna kiwanda.

Kilichowaponya ni kutawanyika. Katika Uholanzi kuna chama cha wafugaji wa kuku, Nederlandse Hoenderclub, kilichoanzishwa mwaka 1900. Na toka 1976 kuna shirika lishughulikalo na mifugo ya asili iliyo adimu. Wanachama hukaa kila mkoa, huandika vitabu vya ukoo, hubadilishana mayai na majogoo. Hivyo bonde moja lilipofungwa, damu ile ile ilikuwa bado ikichakura katika ua wa mtu mwingine, mbali. Njia zilipofunguliwa tena, rafiki mmoja wa kaskazini alimletea mke wa mzee mayai kumi na mawili ndani ya kikapu chenye pumba. Kwa kuwa kuku wa kishungi hulalia kwa shida, walimwazima kuku mzito wa jirani, mama hodari, akayaatamia siku ishirini na moja. Walianguliwa saba. Vifundo vitano vilikuwa vizuri. Viwili vilikuwa vidogo, na mama mwenyewe aliandika hivyo katika daftari lake, ambalo mzee alituonyesha. Mwandiko ulikuwa wa kulala, safi, wa mtu aliyefundishwa na walimu wakali. Kuanzia ukurasa wa 2016 mwandiko hubadilika na kuwa wa mzee.

Tulipokuwa kwake alikuwa na majike saba na majogoo wawili. Jogoo mkubwa alikuwa akitayarishwa kwa maonyesho ya majira ya baridi: amewekwa peke yake katika kizimba chenye maranda, apate kuzoea watu na kutochafua kofia yake. Mzee alituambia kwamba hakutarajia ushindi, kwa kuwa mkia wa jogoo huyo ulikuwa umepinda kidogo kuume. Sisi hatukuuona upindo huo, hata alipotuonyesha kwa kalamu.

Mwishoni alitaka kujua kama kuku wa kishungi wapo Kongo. Tukamwambia kwamba wapo. Katika vijiji vyetu, kati ya kuku kumi au ishirini, hutokea mmoja mwenye kishungi, kama vile atokeavyo kidimu mwenye manyoya yaliyopinduka, au yule mwenye shingo tupu. Hakuna aliyemchagua wala kumwandika katika daftari. Mzee akachomoa karatasi, akatuomba tumchore. Tulimchora kama tujuavyo: kuku mwembamba, miguu mirefu, na utosini shada dogo la manyoya lililoinama nyuma.

Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. "Na mwewe?" akauliza. "Anamwonaje, bila wavu?"

Tukamwonyesha mahali pa jicho, chini kidogo ya lile shada. Kishungi kimekoma nyuma ya jicho, tukasema. Wale ambao kilizidi hapo hawakufika msimu wa pili. Mzee akachukua kalamu, akaandika pembeni ya picha jina la nchi yetu na tarehe, kisha akaibandika ukutani bandani, juu ya ndoo ya nafaka.